Sherehe ya Pambizoni

Ukurasa ule, Adelinda, ulikuwa na shairi la mistari kumi na saba.
Kilichobaki ni sherehe:
mwandiko wa sisimizi uliopanda kushoto, ukashuka kulia,
ukapenya baina ya mistari, juu ya kila neno neno jingine,
hata mshairi wa Roma akawa kama bwana harusi
aliyebanwa na wageni nyumbani mwake,
haonekani ila utosi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Loire ilikuwa jiwe
kutoka Orléans hadi sijui wapi.
Mwalimu Gauzlini alitukataza pambizo.
"Kunyweni chemchemini," alisema, "si kwenye ndoo ya mtu."
Lakini chemchemi ya Kilatini cha kale ina kina,
na mimi mtoto wa fundi mapipa; ndoo ndizo nilizozijua.
Nikanywa ndooni.

Mshairi alimweka mjane kando ya mto,
na mbele ya mjane, *harundo*.
Tete. Tete tu, linalopigwa na upepo.
Lakini mwenye sherehe (jina hana,
namjua kwa herufi yake ya g yenye mkia wa panya)
alisoma *hirundo*.
Herufi moja. Tundu la nondo, au tone la nta,
au jicho lililochoka kabla ya sala ya alfajiri.
Akaandika, bila kusita:
*Mbayuwayu. Ndege huyu majira ya baridi hujizika
katika tope la mto, mdomo kwa mdomo na mwenzake,
akaamka Kwaresima ikiisha.
Ndiyo maana mjane anatazama.*

Ndiyo maana anatazama!
Nta ilinidondokea kidoleni, sikuhisi.
Baba alikuwa amekufa siku ya mavuno ya zabibu,
na mama kila asubuhi alikwenda ukingoni
na ndoo mtupu, akasimama, akarudi na ndoo mtupu.
Jirani zetu walisema amerukwa na akili.
Mimi nilisema anahesabu mashua zilizonasa.
Hakuna aliyekuwa amenifafanulia mama yangu,
mpaka yule mtu wa g yenye mkia wa panya,
aliyekufa labda miaka mia mbili kabla yake.

Usiku huo niliandika:

*Chini ya tope kalala, mbayuwayu na mwenziwe,*
*Mto kwao ndio jela, wala hawana kiwewe,*
*Mjane haondoki, la, akesha hapo mwenyewe,*
*Msimwite kuja kula, ana miadi na jiwe.*

Gauzlini alinisikiliza hadi mwisho.
"Mbayuwayu huyu umemtoa wapi?"
Nikamwonyesha. Akalowesha kidole gumba,
akaleta nakala nyingine, ya ngozi safi isiyo na sherehe,
akaweka ukucha chini ya neno.
Tete.
Darasa zima likacheka; Fulko alicheka mpaka akapaliwa.
Nilishika kisu cha kukwangulia.
Mwalimu akanishika mkono, akakaa kimya muda,
akasema tu kwamba wino ulikuwa bado haujakauka,
ningechafua.

Haujakwanguliwa hadi leo.
Na leo nasikia abesi amekupa wewe, katika watu wote,
kazi ya kuandika sherehe ya mashairi yangu
kwa ajili ya wanovisi wasiojua kitenzi kinakaa wapi.
Umeniuliza kwa barua: yule ndege tumsahihishe?

Fanya utakalo. Mimi ni bwana harusi sasa,
nimebanwa, na nyumba si yangu tena.
Ila acha pambizo pana kushoto.
Na pale macho yatakapokuwa mazito,
mshumaa ukibaki kisiki, nawe ukasoma neno
ambalo sikuliandika,
liandike kwa mwandiko unaosomeka.
Huenda kuna mtoto wa mtu
analihitaji.